Bloku ndogo za kwilti juu ya karatasi: kwa nini hazilingani, kwa nini vipande havifiki, na kwa nini mshono unaachia

Dada, umeuliza mambo matatu makubwa, na dogo la kwilti ya mwanasesere nitakalolijibu mwishoni. Bloku, yaani miraba inayounganishwa kuwa kwilti, umezishonea juu ya karatasi iliyochapwa pateni, ambayo huchanwa kazi ikiisha. Zako tisa za Log Cabin (kitovu cha mraba kinachozungukwa na vipande vyembamba) za inchi 3 zimetoka kila moja na kipimo chake. Vipande vingine ukivifunua havifiki kwenye mstari unaofuata. Na ukichana karatasi, mshono unaachia. Kila tatizo lina sababu yake, na sehemu kubwa ya sababu hizo hutokea kabla hujaweka mguu kwenye cherehani. Nitajibu kwa milimita kwa sababu kwenye kazi ndogo namna hii robo inchi ni kipimo kikubwa. Mfano wangu utakuwa bloku ya mm 72, yenye kitovu cha mm 12 na mizunguko mitano ya vipande vya upana wa mm 6. Yako ya inchi 3 ni mm 76, na hesabu zinafanana.

Bloku hiyo ina vipande 21 na mishono 20. Ukiipima kutoka ukingo mmoja hadi wa pili unavuka mishono 10. Ungeishona bila karatasi, ukapoteza nusu milimita tu kwa kila mshono, ungefika mwisho umepungukiwa na mm 5. Juu ya karatasi kosa halirundikani namna hiyo, kwa sababu kila mshono unafuata mstari wake uliochapwa, hautegemei mshono uliotangulia umekaa wapi. Ndiyo maana kazi ndogo inashonewa juu ya karatasi. Na ndiyo maana bloku ya karatasi ikitoka na kipimo kisicho chake, cha kwanza kuchunguza ni karatasi yenyewe, kisha pasi, kisha mkono wako.

Tuanze na uchapaji. Pateni nyingi za mtandaoni zimepangwa kwa karatasi ya Marekani ya Letter, mm 216 kwa 279. Sisi tunachapa kwenye A4, mm 210 kwa 297. Printa ikiachwa iilinganishe picha na ukurasa, upana unashuka hadi karibu asilimia 97, na pengine chini zaidi kutegemea pambizo za printa. Kwa bloku ya mm 76 hiyo ni kupoteza mm 2 au zaidi. Kama kurasa zote zimepungua kwa kiwango kimoja, hakuna neno, kwilti itakuwa ndogo kidogo lakini bloku zitakutana. Balaa ni pale kurasa nne zimechapwa leo kwa ukubwa halisi na tano zikachapwa kesho kwenye steshenari nyingine kwa kulinganishwa na ukurasa. Chagua asilimia 100 kila mara, chapa ukurasa mmoja, kisha pima mraba wa majaribio uliochorwa kwenye pateni kwa rula ya chuma, usitumie futi ya kitambaa. Pima marefu na mapana pia, maana printa nyingine huvuta karatasi kidogo kwa upande inakopita. Mraba wa inchi 1 lazima uwe kati ya mm 25 na 25.5 pande zote.

Usitoe fotokopi ya fotokopi. Kila nakala inaongeza upotovu wake mdogo, na ikifika ya tatu au ya nne mraba umeshakuwa mstatili. Chapa zote kutoka kwenye faili moja, kwa printa moja, siku moja, na uzigeuze kurasa zote upande mmoja.

Ukipunguza pateni kubwa, mfano ya inchi 12 iwe inchi 3, unachapa kwa asilimia 25. Kumbuka kuwa akiba ya mshono ya nje, yaani kitambaa kinachobaki nje ya mstari wa kushonea, nayo imepunguzwa: ile mm 6 imebaki mm 1.5. Ifute, uchore mpya ya mm 6 kuzunguka mstari wa kushonea. Na kabla ya kupunguza, tazama kipande chembamba kuliko vyote. Kikitoka chini ya mm 3 kwenye bloku iliyopunguzwa, pateni hiyo ina vipande vingi mno kwa ukubwa huo. Tafuta nyingine au punguza mizunguko.

Karatasi ya kawaida ya gramu 80 inafanya kazi, lakini si rafiki wa bloku ndogo. Nzito kwenye kona, ngumu kuchana, na inaulazimisha mshono uvutwe. Karatasi ya gramu 60 au pungufu ni bora. Karatasi ya magazeti isiyochapwa inachanika kwa urahisi sana. Karatasi ya kunakilia ramani ina faida ya kuonekana upande wa pili, na kwa kitambaa chenye maua unayotaka yakae katikati hiyo ni faida kubwa, ila pasi yenye moto mkali inaikunja. Kwa bloku za chini ya mm 50 napendekeza uachane na karatasi kabisa, utumie bafta nyembamba au kile kitambaa chepesi cha kuimarishia kola, kisicho na gundi, uchore pateni juu yake kwa penseli, ukiache humo ndani. Kinaongeza tabaka moja, lakini hakuna cha kuchana wala mshono wa kuumizwa. Si ubunifu mpya: kwilti nyingi za Log Cabin zilizoenea Marekani kuanzia miaka ya 1860 zilishonwa juu ya kitambaa cha msingi kilichobaki ndani, na watu wa Kisiwa cha Man, karibu na Uingereza, wana mtindo wao wa kukunja vipande juu ya msingi wa kitambaa.

Wino nao una mambo yake. Printa ya leza inatumia unga unaoyeyuka kwa joto, kwa hiyo ukipiga pasi upande uliochapwa mistari inahamia kwenye meza na kwenye bloku inayofuata. Printa ya wino wa maji haina shida hiyo, lakini tone la mvuke linaufanya wino utembee hadi kwenye kitambaa cheupe. Kwa zote mbili kanuni ni moja: pasi kavu, upande wa kitambaa, na kitambaa chakavu chini. Mvuke una kosa jingine, na nadhani ndilo limekupata wewe. Karatasi ikinywa unyevu inatanuka, ikikauka inasinyaa, na hairudi mahali ilipokuwa. Bloku zilizopigwa mvuke mara ishirini haziwezi kulingana na zilizopigwa pasi kavu.

Sasa cherehani. Urefu wa mshono, yaani kutoka tundu moja la sindano hadi la pili, kwa kawaida ni karibu mm 2.5. Kwa karatasi ya gramu 80 weka mm 1.5, na kwa karatasi nyembamba unaweza kupanda hadi 1.8. Kama cherehani yako ni ya mguu au ya mkono na namba zake hazieleweki, shona kwenye kipande cha karatasi, uhesabu matundu ndani ya mm 25. Unataka kati ya 14 na 17. Yakiwa 10, huo ndio mshono unaoachia unapochana: karatasi haijakatwa vya kutosha, kwa hiyo unavuta uzi badala ya karatasi. Yakizidi 20, karatasi inachanika yenyewe kama stempu ungali katikati ya kazi, na mstari wa kukuongoza unapotea. Isitoshe, mshono wa namna hiyo ukikosea haufumuliki bila kuumiza kitambaa.

Sindano namba 14 inatoboa tundu kubwa linalosaidia kuchana karatasi ya gramu 80. Kwa karatasi nyembamba shuka hadi 11 au 12, maana kwenye kipande cha mm 6 matundu ya namba 14 yanaonekana usoni. Karatasi hutia sindano butu haraka, kwa hiyo tenga sindano ya karatasi, usiihamishie kwenye gauni la mteja. Safisha pia chini ya meno ya kusukumia, vumbi la karatasi linajaa hapo kuliko la kitambaa. Uzi uwe mwembamba. Ule wa poliesta unaouzwa kila duka la mafundi unafaa, chagua rangi ya kijivu au kahawia isiyokolea itakayofichika kote. Legeza mkazo wa uzi wa juu kidogo. Mkazo ukizidi, kila mshono unaivuta karatasi, na mishono 20 ndani ya mm 72 inatosha kuikunja bloku ikapungua milimita nzima. Hiyo ni sababu nyingine ya bloku zako kutolingana, hasa kama ulibadilisha uzi katikati ya kazi.

Kitambaa kiwe pamba nyembamba iliyofumwa kwa kubana. Kanga inafaa kwa wembamba wake, kitenge kinafaa baada ya kufuliwa kwa maji ya moto mpaka kiache rangi na ukavu wa kiwandani. Lakini angalia ukubwa wa maua. Kwenye kipande cha mm 6 ua la kitenge halionekani, inaonekana rangi moja iliyoangukia hapo. Unaweza kuitumia hali hiyo: kitenge kimoja chenye rangi nne kinakupa vitambaa vinne ukikata kwa kuchagua sehemu. Usichokitaka ni kitambaa ambacho nusu ya maua yake ni meupe na nusu meusi, kwa sababu Log Cabin inategemea pande mbili za mwanga na pande mbili za giza, na kipande kimoja kilichochanganya kinavunja mstari mzima wa ulalo. Jezi na vitambaa vinavyovutika viache.

Tia wanga kabla ya kukata. Kijiko kimoja cha chakula cha wanga wa muhogo kwa nusu lita ya maji kinatosha: koroga wanga kwenye maji baridi kidogo, mimina kwenye yanayochemka, poza, chovya kitambaa, kikamue, kipige pasi kikiwa bado na unyevu kidogo. Kitambaa kilichosimama hakiserereki chini ya mguu wa cherehani na kinakunjika kwa ukucha tu.

Kukata ndiko kunakojibu swali lako la pili. Vipande havifiki kwa sababu umevikata kwa kipimo cha mwisho ukaongeza akiba ya mshono tu. Kwenye karatasi unashona bila kuona kitambaa, kwa hiyo lazima kuwe na ziada ya kupotea. Kipimo changu: upana wa mwisho, jumlisha mm 12 za mishono miwili, jumlisha mm 4 hadi 6 za usalama. Kwa kipande cha mm 6 hiyo ni mm 22 hadi 24. Urefu ni urefu wa mwisho jumlisha mm 20. Utakata ziada hiyo baadaye na utaona kama unapoteza, lakini kwa bloku ndogo hasara ni kidogo kweli. Kila bloku ya mm 72 inahitaji kama sm 59 za utepe wa rangi ya mwanga na sm 65 za utepe wa giza. Kwa bloku tisa ni mita 5.3 na mita 5.9. Ukikata tepe za mm 22 kwenye kitambaa chenye upana wa mita 1.1, sm 15 za kila rangi zinakutosha na chenji inabaki. Kitovu kata mraba wa mm 28.

Tepe zikatwe kufuata mtande, yaani sambamba na pindo la kiwandani, kwa sababu upande huo hauvutiki kama wa mshindio. Utepe uliokatwa kwa ulalo utanyooka chini ya pasi na kuacha kiputo katikati ya bloku.

Sasa kushona. Kata karatasi ukiacha kama mm 5 nje ya mstari wa kukatia. Kitambaa hukaa upande usiochapwa, wewe unashona upande uliochapwa. Hapo ndipo wengi huchanganyikiwa mwanzoni: bloku itakayotoka ni kinyume cha ile unayoiona kwenye karatasi, kama kwenye kioo. Kwa Log Cabin tofauti ni mwelekeo wa mzunguko tu, lakini kwa herufi, ndege au mashua ni jambo zito. Tafuta herufi au namba kwenye picha ya pateni ujue kama mchoraji ameshaigeuza. Andika rangi kwenye kila nafasi ya karatasi kwa penseli kabla hujaanza, M kwa mwanga na G kwa giza. Usitegemee kumbukumbu ukifika mshono wa kumi na tano.

Weka kitovu nyuma ya nafasi namba 1, uso wa kitambaa ukitazama nje. Inua kwenye mwanga uhakikishe kimeipita mistari yote minne kwa mm 5 au zaidi. Kishikize kwa tone dogo la gundi ya kijiti. Pini kwenye kipande cha mm 12 inakiinua na kukisogeza.

Hatua inayofuata watu huiruka, nayo ndiyo inayoamua kila kitu. Kabla ya kuweka kipande cha 2, chukua kadi ngumu ya posta, iweke kwenye mstari kati ya 1 na 2, kunja karatasi juu ya kadi, na ukate kitambaa kilichotokeza kiache mm 3 tu kupita mkunjo. Kuna rula maalumu ya kazi hii inaitwa Add-An-Eighth, ina mdomo unaoshika mkunjo. Huna? Gundisha ukanda wa kadibodi chini ya rula ya kawaida, sambamba na ukingo wake, ukiacha mm 3 kati ya kadibodi na ukingo. Kadibodi inasimama kwenye mkunjo, kisu kinapita kwenye ukingo wa rula. Fungua karatasi, na sasa kitambaa namba 1 kina ukingo ulionyooka, sambamba na mstari, umbali unaoujua. Linganisha ukingo wa kipande cha 2 na ukingo huo, uso kwa uso. Huna haja ya kukisia tena. Anayeshona kwanza kisha akapunguza mshono baadaye anapata bloku safi kwa ndani, lakini kila kipande alikiweka kwa kubahatisha, na hicho ndicho chanzo cha vipande vyako kutofika.

Mbona mm 3 wala si 6? Kwa sababu kipande chenyewe kina upana wa mm 6. Akiba ya mm 6 ingelala mpaka mstari unaofuata, ikashonwa tena pale, na kila mshono ungekuwa na tabaka mbili za ziada. Ukifika mzunguko wa tano bloku ni nene kama kadi, pasi haiilazi, na bloku jirani haikubali kukutana nayo. Chini ya mm 3 pia usishuke, hasa kwa kitambaa kinachofumuka.

Geuza karatasi, shona juu ya mstari, anza mm 3 kabla yake na umalize mm 3 baada yake. Huhitaji kurudi nyuma kufunga uzi, kwa sababu mshono unaofuata utavuka ncha hizo na kuzifunga, na mafundo ya kurudi nyuma yanaongeza unene palepale usipoutaka. Kata nyuzi kila mara pande zote mbili. Uzi mweusi uliobaki chini ya kitambaa cheupe unaonekana milele.

Funua kipande cha 2, kikandamize kwa ukucha au kijiti cha mbao bapa kutoka kwenye mshono kwenda nje, kisha pasi kavu. Iweke na kuiinua, usiiburute. Meza iwe ngumu, ubao wenye kitambaa chembamba tu; meza laini inaacha mkunjo mdogo kwenye mshono, na mkunjo huo unakula nusu milimita ya kipande chako. Kama kipande cha giza kimelala chini ya cha mwanga, punguza akiba ya kile cha giza milimita moja zaidi isitokeze kivuli.

Kisha kunja mstari unaofuata na uendelee hivyo mpaka 21. Wakati mwingine mshono ulioshonwa unavuka mstari unaotaka kuukunja na karatasi inakataa. Ibandue karatasi kutoka kwenye zile tundu mbili tatu zilizotokeza, itakunjika. Mzunguko wa mwisho kabisa uache kitambaa kikubwa upande wa nje, kinahitaji kufunika akiba ya mm 6 ya bloku nzima.

Mistari ya mshazari ina kanuni yake. Kwenye Log Cabin kipande kinafunuka sambamba na mshono, kwenye pembetatu kinafunuka kuelekea upande usioutarajia. Weka kipande, kishikize kwa pini juu ya mstari wa mshono kabisa, kifunue bila kushona, tazama kwenye mwanga kama kimefunika nafasi yake na ziada kuzunguka. Ni sekunde tano zinazokuokoa na kufumua. Kwa Flying Geese (mstatili wa pembetatu kubwa moja na ndogo mbili pembeni), pembetatu kubwa yenye kitako cha mm 24 na kimo cha mm 12 ninaikata kutoka mraba wa mm 64 uliogawanywa kwa ulalo mara mbili, zinatoka nne. Pembetatu ndogo za pembeni zinatoka kwenye mraba wa mm 44 uliogawanywa mara moja, zinatoka mbili. Ukikata hivyo, uzi ulionyooka wa kitambaa unaangukia kwenye kingo za nje za bloku, hazitavutika hata baada ya karatasi kutoka. Safu nzima ya Flying Geese inashoneka kwenye karatasi moja ukianzia chini kwenda juu: kubwa, ndogo mbili, kisha kitako cha kubwa inayofuata kinapita kwenye ncha ya ile iliyotangulia. Ncha ikikatwa, mshono wako umepita ndani ya mstari; ikielea, umepita nje.

Si kila bloku inakubali karatasi moja, na hili nalitaja kwa kuwa umesema ukimaliza Log Cabin unataka nyota ya Sawtooth (mraba wa kati, Flying Geese pande zake nne, na mraba kila kona). Kipimo ni hiki: kila kipande kipya lazima kiungwe kwa mshono mmoja ulionyooka unaopita upande mzima wa vilivyokwisha shonwa. Nyota ya Sawtooth haipiti kipimo hicho ikiwa nzima. Igawe sehemu nne. Safu ya juu ni karatasi moja, pembetatu kubwa, ndogo mbili, kisha miraba ya kona mbili. Safu ya chini ni hivyo hivyo. Safu ya kati inataka karatasi mbili: ya kwanza pembetatu za kushoto pamoja na mraba wa kati, ya pili pembetatu za kulia peke yake. Ukijaribu kuziunga zile za kulia kwenye karatasi ya kwanza utafika kwenye pembetatu kubwa inayotaka kushonwa pande mbili kwa wakati mmoja, na hapo karatasi haikusaidii.

Bloku ikiisha, ipige pasi, iache ipoe, ndipo uikate. Mfano wetu unakatwa mm 84 kwa 84, yaani 72 na mm 6 kila upande. Usifuate mstari wa nje wa kukatia peke yake. Weka alama ya mm 6 ya rula juu ya mstari wa kushonea, kata, geuza, na upande wa tatu hakiki kama mm 84 zinakutana na mstari. Kama zinapishana kwa nusu milimita gawanya tofauti pande mbili. Kama zinapishana kwa mm 2, bloku hiyo ilichapwa vibaya au imevutwa na uzi, na hakuna namna ya kuilazimisha. Ifumue au iweke kando kwa mradi mwingine.

Kuunganisha bloku unafanya karatasi ikiwa bado ndani. Choma pini wima kupitia kona ya mstari wa kushonea wa bloku moja mpaka itokee kwenye kona ileile ya bloku ya pili, fanya hivyo kila kona, kisha bana pembeni. Shona kwanza mm 10 tu kwenye kila sehemu ya kukutana kwa mshono mrefu wa mm 4, fungua utazame. Kama zimekutana, pita mstari mzima kwa mm 1.5. Kama hazijakutana, unafumua mishono mitatu wala si arobaini. Baada ya kila muungano toa karatasi ndani ya akiba ya mshono tu, fungua akiba pande mbili kwa pasi, ipunguze ibaki mm 4. Kuilaza upande mmoja kunazaa kinundu kwenye kila makutano ya bloku nne, na kwenye kwilti ya mm 216 kinundu kinaonekana kutoka mlangoni.

Karatasi iliyobaki itoe bloku zote zikiwa zimeungana, maana ndiyo inayozuia kingo kuvutika. Kama kona zimekuwa nene mno ukalazimika kuitoa mapema, zungusha kwanza mshono mmoja mm 3 kutoka ukingoni. Anzia namba ya mwisho urudi kwenye ya kwanza, kinyume cha ulivyoshona. Kunja karatasi kwenye mstari wa mshono, ikwaruze kwa ukucha, weka kidole gumba cha mkono wa pili juu ya mshono uushike, ndipo uchane ukivuta kuelekea mshono, usivute kutoka kwenye mshono. Vipande vya kona tumia kibanio cha nyusi. Iliyokwama ilowanishe kwa kijiti cha pamba chenye maji kidogo, ngoja dakika moja, itatoka. Kama ulichapa kwa wino wa maji, usilowanishe.

Ukitaka kuepuka kuchana kabisa kuna njia ya kukunja. Karatasi inagundishwa kwenye kitambaa, unakunja kwenye mstari kama tulivyofanya, lakini hufungui: unashona kwenye kitambaa tu, ukigusana na mkunjo bila kuitoboa karatasi. Mshono unabaki wa kawaida wa mm 2.5, na karatasi moja inatumika tena. Tatizo lake ni kwamba unashona pembeni mwa mstari kwa unene wa uzi, na mkono usiotulia unaonekana. Kwa bloku za mm 100 ninaipenda. Kwa mm 72 zenye mishono 20, bado ninachagua kutoboa.

Kuhusu swali lako dogo la mwisho, kwilti ya kitanda cha mwanasesere kwa kipimo cha 1 kwa 12: kitanda cha mita 1.8 kwa 2.1 kinakuwa mm 150 kwa 175, na bloku ya inchi 12 inakuwa mm 25. Usithubutu mizunguko mitano hapo. Kitovu cha mm 6 na mizunguko mitatu ya mm 3 inakupa mm 24, kwa hariri au pamba nyembamba sana, juu ya msingi wa kitambaa unaobaki ndani.

Ndani ya kwilti ndogo usiweke sponji wala pamba nene, itavimba kama mto na mistari yote uliyoihangaikia itazama. Tabaka moja la flaneli linatosha. Ukingo usiwe wa kukunja mara mbili; kata utepe mmoja wa mm 22, shona mm 5 kutoka ukingoni, ukunje kwenda nyuma na uufunge kwa mkono. Kabla ya kuukata pima unene wa kwilti yako kwenye kona. Ikizidi mm 2, utepe uwe mm 24, la sivyo hautafika kwenye mshono upande wa nyuma.